Kutoka Lyari hadi Kech: safari ya Makran, nchi ya Wabulushi, siku kwa siku

Wabulushi si wageni kwetu. Msikiti wao upo Makadara, Mombasa, na koo zao zipo Unguja, Iringa na Rujewa. Seyyid Said alipowashinda Wamazrui mwaka 1837, walinzi aliowaweka Ngome ya Yesu walikuwa Wabulushi. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kuelekea maziwa makuu, askari waliowasindikiza walikuwa haohao. Tumezoea basi kumfikiria Mbulushi akiwa na bunduki begani, na hayo ni machache sana ya kumjua. Huko kwao kazi ni wavu, mtende, mbuzi na sindano, na kila moja ina ufundi wake. Simulizi hii inafuata barabara ya pwani ya Makran, upande wa Pakistan, kutoka Karachi hadi bonde la Kech.

Kabla ya kuondoka

Mwezi wa kwenda ni Machi. Mvua za kipupwe zimekwisha, joto halijapanda, na Kech ndiyo siku za kuchavusha mitende. Kuanzia Mei usijaribu: tarehe 28 Mei 2017 kipimajoto cha Turbat, mji mkuu wa Kech, kilifika nyuzi 53.7, moja ya joto kali kabisa lililowahi kuthibitishwa duniani. Juni hadi Agosti kusi hufunga bahari, na kwenye mji wa bandari wa Gwadar utakuta vyombo vimepandishwa pwani.

Mgeni anahitaji kibali cha serikali, kinachoitwa NOC, ili aingie sehemu nyingi za mkoa wa Balochistan. Kiombwe wiki kadhaa kabla, na hakikisha kimetaja wilaya zote za njiani kwa majina: Hub, Lasbela, Gwadar na Kech. Wilaya isiyotajwa hupiti, hata ukiwa umebakiza kilomita kumi. Toa nakala kumi na tano za kibali na pasipoti, kwa sababu kila kizuizi cha barabarani hubaki na moja, na njiani hakuna pa kurudufisha.

Mkoa huu una vita vya muda mrefu kati ya jeshi na wapiganaji wanaotaka kujitenga. Barabara hufungwa bila taarifa, mabasi yameshambuliwa, na familia za watu waliotoweka hukaa barabarani kudai habari zao. Tangu Machi 2025 wilaya kadhaa, Gwadar ikiwemo, zilipiga marufuku magari ya abiria kusafiri usiku. Panga kila siku iishe kabla ya jua kuzama, na ukiambiwa na wenyeji usipite, usipite.

Gari liwe na matairi mawili ya akiba, pampu ya upepo, koleo na ubao wa kutegea jeki kwenye mchanga. Maji ya kunywa: lita sita kwa mtu kwa siku, na dumu la lita ishirini la gari lenyewe. Intaneti ya simu hukatwa mara kwa mara Makran, kwa hiyo ramani ipakuliwe Karachi. Pesa iwe taslimu. Kama kuna mwanamke katika msafara, safari inapata nusu ya pili ya nchi, maana wanaume wageni hawaingii ndani ya nyumba, na doch, ule ushonaji wa mkono wa Kibulushi, hufanyiwa ndani.

Siku ya kwanza: Lyari

Lyari ni mtaa mkongwe wa Karachi karibu na bandari, na Wabulushi wamejaa humo tangu kabla ya Pakistan kuzaliwa mwaka 1947. Ni mtaa wa mpira na ndondi. Hussain Shah, aliyeipatia Pakistan medali ya shaba ya ndondi katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988, ni mtoto wa Lyari.

Sehemu ya watu wa hapa ni wazawa wa Waafrika waliovushwa kutoka pwani yetu kupitia Maskati, wengi wao utumwani, hasa karne ya 19. Leo ni Wabulushi kwa lugha, kwa mavazi na kwa arusi. Kilichobaki wazi zaidi ni ngoma. Lewa huchezwa kwa duara, zumari ikiongoza na ngoma zikijibu, na katika nyimbo zake kongwe mna maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji hurithishana bila kujua maana yake. Ngoma kubwa ya kusimama, mugarman, hupigwa kwenye sherehe za Manghopir, kaskazini ya jiji, penye kaburi la walii na bwawa la mamba. Ukiwa msemaji wa Kiswahili, usikae pembeni kimya. Muulize mzee anayeimba akurudie ubeti polepole, mwambie neno unalolitambua, kisha mwache aendelee. Watu wa Lyari wanapenda sana kusikia hilo.

Siku hii itumike kwa lugha pia, kwa sababu mbele huko Kiingereza kinapungua na si kila mzee anajua Kiurdu vizuri. Kibulushi ni cha jamii ya lugha za Kiirani, tawi moja na Kikurdi. Kina lahaja kuu tatu: ya magharibi, inayoitwa Rakhshani, ya kusini, yaani ya Makran na Lyari, na ya mashariki, kwenye milima ya Sulaiman. Tofauti utaisikia upesi: siku ni "roch" Makran lakini "rosh" mashariki, maji ni "ap" Makran na "af" mashariki. Katikati ya nchi, kuzunguka Kalat, wapo watu wanaojihesabu Wabulushi na wanaosema Kibrahui, lugha ya jamii ya Kidravidi, ndugu wa Kitamili na si wa Kibulushi.

Ya kukariri leo ni machache. "Chon ay?", u hali gani, jibu lake "jwan un", mimi mzima. "Minnatwar un", nashukuru. "Waja" ni neno la heshima la kumwitia mwanamume, na litumie hata kwa dereva. Irabu hazitakusumbua, ila ndefu na fupi hutofautisha maneno. Zile t na d za ncha ya ulimi kugusa kaakaa zinahitaji mazoezi. Sentensi huweka kitenzi mwisho, na sifa hutangulia jina, kinyume cha tulivyozoea. Baharini utapumua, maana "bandar", "nakhuda" na "langar" hayahitaji kufasiriwa: ni bandari, nahodha na nanga.

Siku ya pili: Karachi hadi Kund Malir

Tunatoka saa kumi na moja alfajiri ili kuvuka Hub kabla ya malori. Mto Hub ndio mpaka wa Sindh na Balochistan, na kizuizi cha kwanza cha karatasi kipo hapo. Abiria wa basi huanzia stendi ya Yousuf Goth, magharibi ya jiji. Baada ya Winder barabara inanyooka hadi Zero Point, karibu na Uthal, ambako barabara ya pwani inajitenga na ile ya Quetta, mji mkuu wa mkoa. Barabara hii ya pwani ilijengwa kuanzia 2001 na kukamilika katikati ya muongo ule. Kabla yake, Gwadar kwa gari kutoka Karachi ilikuwa kazi ya siku kadhaa kwenye mchanga na makorongo, na watu wengi walipanda chombo. Jaza tangi Zero Point. Mbele kuna mafuta ya madumu yaliyovushwa kutoka Iran, yanayouzwa kando ya njia. Yanafanya kazi, lakini chuja kwa kitambaa, maana maji na mchanga humo ni kawaida.

Hifadhi ya Hingol, yenye zaidi ya kilomita za mraba 6,000, ni mojawapo ya hifadhi za taifa kubwa kabisa Pakistan. Cha kwanza kutazama ni Chandragup, volkano ya tope inayofikia mita mia hivi. Si moto unaoisukuma bali gesi: tabaka za mashapo zinabanwa pale sahani ya Arabia, yaani pande kubwa la ganda la dunia, inapoingia chini ya Makran, na methani inapanda na tope la kijivu hadi kileleni. Usiwashe kiberiti pale juu, na usikanyage ukingo wa shimo, maana ganda lake ni kavu juu na laini chini.

Njia ya kwenda huko ndiyo inayokwamisha magari kuliko mahali pengine popote safarini. Uwanda unaonekana mgumu na mweupe wa chumvi, kumbe ni ganda la sentimita chache juu ya tope. Fuata alama za matairi zilizokwisha kukauka, usikate kona. Penye mchanga punguza upepo hadi paundi 18 kwa kila tairi, na usisahau kuurudisha kabla ya lami, la sivyo ukuta wa tairi utapasuka kwa joto. Kama mvua imenyesha siku tatu zilizopita, acha kabisa.

Korongoni, karibu na mto Hingol, lipo hekalu la Hinglaj. Kila Aprili mahujaji wa Kihindu kutoka Sindh na kwingineko huja kwa maelfu. Desturi ni kupitia Chandragup kwanza, kutupa nazi ndani ya shimo na kuomba ruhusa, ndipo waingie korongoni. Waislamu wa hapa huliita Nani na hulitunzia heshima. Katika nchi inayotajwa magazetini kwa mapigano tu, hekalu hili limelindwa na majirani wasio wa dini yake kwa vizazi vingi, na jambo hilo linastahili kusemwa kwa sauti.

Kulala ni Kund Malir, ufukweni. Funga hema upande wa nchi kavu wa tuta la mchanga. Upepo wa jioni hutoka baharini na huzidi nguvu hadi saa nne usiku.

Siku ya tatu: Ormara na Pasni

Barabara inapanda kipito cha Buzi, kati ya vilima vya udongo vilivyochongwa na upepo na mvua kuwa minara na kuta. Jabali moja lenye umbo la mwanamke aliyesimama huitwa Binti Mfalme wa Matumaini, na kila gari husimama hapo. Dakika kumi zinatosha.

Ormara na Gwadar zina umbo moja: kichwa cha mwamba baharini kilichounganishwa na bara kwa shingo ya mchanga, na ghuba mbili, mashariki na magharibi. Umbo hilo ndilo lililowapa wavuvi maisha, kwa sababu upepo ukiwa mbaya upande mmoja, chombo huhamishiwa upande wa pili. Ormara sasa ina kituo kikubwa cha jeshi la majini. Kamera ibaki mfukoni.

Pasni ndipo unapoona samaki wakikaushwa kwa wingi. Papa na samaki wengine wakubwa hupasuliwa mgongoni, hukatwa mikato ya kina ili chumvi ifike mfupani, hupangwa kwa tabaka na chumvi, kisha huanikwa. Kinachoharibu ni haraka. Samaki akianikwa kabla chumvi haijatoa maji yake, ngozi hukauka na nyama ya ndani huoza, na huwezi kujua mpaka umfungue. Unyevu wa pepo za kiangazi hufanya hivyohivyo kwa mzigo uliokwisha kukauka, na ndiyo sababu wachuuzi hukazana kuuondoa kabla ya Juni. Dagaa huanikwa mchangani moja kwa moja na huishia viwandani kuwa chakula cha kuku.

Novemba 1945 tetemeko la kipimo cha 8.1 lilitokea baharini mbele ya pwani hii, na mawimbi yaliyofuata yaliiangamiza Pasni. Wazee walifundisha, na wavuvi bado wanafundisha, kwamba bahari ikirudi nyuma bila sababu mtu asiende kuokota samaki. Kisiwa cha Astola, kilomita 39 kutoka hapa, ni eneo la kwanza la bahari kulindwa kisheria nchini Pakistan, tangu 2017, na kasa wa kijani hutaga huko. Chombo hukodiwa Pasni, saa tatu hivi kwenda. Hakuna maji wala kivuli kisiwani, na nahodha ndiye anayeamua saa ya kurudi.

Siku ya nne: Gwadar, mji

Hapa historia yetu na yao inakutana kwa karibu kabisa. Mwaka 1783 Mir Nasir Khan, mtawala wa Kalat, alimpa Gwadar mkimbizi wa kifalme kutoka Oman, Sultan bin Ahmad. Mkimbizi huyo baadaye alitawala Maskati, na mwanawe ni Seyyid Said, yule aliyehamishia baraza lake Unguja. Gwadar ilibaki mali ya Oman hadi 1958, Pakistan ilipoinunua kwa pauni milioni tatu. Watu walio hai leo walizaliwa chini ya bendera ya Sultani, na hadi sasa familia nyingi za Makran zina ndugu Matrah na pwani ya Batina, huko Oman. Kabla ya Waomani walipita Wareno, walioichoma Gwadar mwaka 1581, na tenzi za Kibulushi bado zinamsifu Hammal, kiongozi aliyepigana nao baharini hadi wakamchukua mateka.

Mji wa zamani unatembewa kwa miguu asubuhi moja. Anza ngome ya Waomani, pita Shahi Bazaar na nyumba za Waismaili zenye roshani za mbao, nyingi zikianguka. Tazama jengo la simu ya waya, lililotokana na kebo ya Ghuba iliyofika hapa miaka ya 1860, kisha panda Koh-e-Batil saa kumi jioni. Kutoka juu unaiona ghuba ya magharibi, Paddi Zirr, na ya mashariki, Demi Zirr, penye bandari kuu mpya iliyojengwa na Wachina. Septemba 2013, baada ya tetemeko la Awaran, kisiwa cha tope kilizuka mbele ya Paddi Zirr. Mawimbi yalikila taratibu, na kufikia mwisho wa 2016 kilikuwa kimetoweka.

Nunua haluwa. Ya Gwadar inasifiwa nchi nzima, nayo ni ya ukoo wa Kiomani kama yetu: wanga, sukari, samli, iliki na njugu, ikikorogwa kwenye sufuria pana bila kupumzika hadi samli ijitenge pembeni. Ikitolewa mapema hunata meno. Ikichelewa huwa mpira. Jaribu kwa kidole: nzuri hurudi polepole ukiibonyeza.

Sayad Zahoor Shah Hashmi, aliyezaliwa hapa Gwadar mwaka 1926, ndiye aliyeandika riwaya ya kwanza ya Kibulushi, na alitumia miaka mingi kukusanya kamusi ya lugha. Kibulushi huandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mtindo wa Kiurdu, lakini mpaka leo hakuna tahajia moja inayofuatwa na wote, ingawa Chuo cha Kibulushi cha Quetta kimekuwa kikichapisha vitabu tangu 1961. Shuleni watoto husoma kwa Kiurdu na Kiingereza. Hilo ndilo jeraha kubwa la lugha hii, na kila mwalimu utakayemkuta atakuambia.

Siku ya tano: Gwadar, vyombo na maji

Mafundi wa vyombo wako ufukweni tangu alfajiri. Hakuna mchoro wa karatasi. Mkuku hulazwa, omo na tezi husimamishwa, mbao za chini hufungwa, ndipo mataruma huchongwa kwa tezo, moja moja, kufuata mkunjo uliokwisha kupatikana. Gogo la mataruma huchaguliwa likiwa limepinda lenyewe, maana taruma lililokatwa kutoka mbao iliyonyooka hupasuka kwenye nyuzi zake. Kukalafati ni kwa pamba iliyolowekwa mafuta, inayosukumwa kwa patasi butu na nyundo, na fundi husikiliza: mlio ukibadilika kutoka wazi kuwa mzito, mshono umejaa. Juu ya maji hupakwa mafuta ya samaki, yaani sifa, kama ya kwetu. Chombo kikubwa huchukua miezi mingi na mara nyingi husimama katikati, kwa sababu mwenyewe ameishiwa pesa za mbao. Kwa uvuvi wa karibu, mashua za faibaglasi zimechukua nafasi, kwa kuwa ni nyepesi kuvutwa na hazihitaji kalafati.

Samaki wa thamani ni kir, mkubwa wa familia ya wale wanaotoa sauti. Kinachotafutwa ni kibofu chake cha hewa, kinachouzwa Uchina kwa bei inayoweza kubadili maisha ya wavuvi wa mashua moja. Wavuvi huzamisha sikio majini kumsikiliza kabla ya kutupa wavu. Riziki ya kila siku, hata hivyo, ni nguru na jodari.

Adui ni meli za kukokota nyavu zinazokuja kutoka mkoa wa jirani na kuingia maji ya pwani usiku, zikizoa makinda na kukata nyavu za wenyeji. Mwishoni mwa 2021 watu wa Gwadar, wanawake wakiwa mbele, walikaa barabarani zaidi ya mwezi mmoja wakidai meli hizo ziondolewe, vizuizi vipunguzwe na biashara ya mpakani ifunguliwe. Barabara mpya ya bandari nayo ilipita juu ya ufukwe wa Demi Zirr, na wavuvi walilazimika kupigania njia za kufikia bahari yao. Mgeni anayesifia bandari mpya mbele ya wavuvi aanze kwa kusikiliza.

Halafu maji. Bwawa la Akra Kaur, lililotegemewa tangu miaka ya 1990, limekauka zaidi ya mara moja, na maji yakaletwa kwa malori kutoka bwawa la Mirani, karibu na Turbat. Mwisho wa Februari 2024 ikawa kinyume: mvua ya siku mbili iliizamisha Gwadar, kwa sababu barabara na kuta mpya zilikuwa zimeziba njia za zamani za maji kwenda baharini. Chota kidogo kwa mwenyeji wako. Umeme mwingi wa Makran hutoka Iran, na ukikatika huko, hapa ni giza.

Siku ya sita: kuelekea Kech

Saa tatu hadi nne za barabara, kupitia nyika ya Dasht na milima ya Talar. Kando ya njia utaona pish, mti mfupi wa porini wa jamii ya mitende. Majani yake husukwa mikeka, vikapu, kamba na makubazi yanayoitwa sawas. Hukatwa machanga, huanikwa kivulini, hulowekwa kabla ya kusuka; yakisukwa makavu huvunjika kwenye pindo. Penye wafugaji lipo gidan, hema la singa za mbuzi. Vipande virefu hufumwa na wanawake kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, kisha hushonwa pamoja. Nyuzi huvimba zikilowa na kufunga matundu, kwa hiyo mvua ya kwanza huvuja kidogo na ya pili haivuji.

Ukifika nyumbani kwa watu, mpangilio ni huu: mkeka, maji, chai nyeusi isiyo maziwa, kisha hal. Mkubwa wa nyumba anakuomba habari, nawe unazitoa kwa utulivu na kwa utaratibu: umetoka wapi, njia ikoje, mvua imenyesha wapi, nani amefariki, bei zikoje. Ukimaliza, yeye naye hutoa zake. Kumkatiza ni utovu wa adabu, na kuanza na shida yako kabla ya hal ni kosa zaidi. Ukarimu huu ni sehemu ya mayar, kanuni ya heshima ya Wabulushi. Ndani yake yumo pia bahot, mtu aliyeomba hifadhi: akishapokewa, mwenyeji humlinda hata kwa vita. Rind na Lashari, makabila mawili makubwa, walipigana karibu miaka thelathini enzi za Mir Chakar, mkuu wa Rind, na chanzo kinachosimuliwa ni ngamia wa Gohar, mwanamke aliyekuwa amepewa hifadhi.

Jioni ni sajji. Paja la mwanakondoo hukatwa mikato, hupakwa chumvi peke yake, hutungwa kwenye kijiti na kuchomekwa ardhini pembeni ya moto, wala si juu yake, kwa saa tatu au nne. Karibu mno, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Upepo ukigeuka, vijiti vyote huhamishwa. Mkate wake ni kaak: jiwe la mviringo hupashwa moto, donge la unga huviringishwa juu yake, na huiva ndani kwa jiwe na nje kwa makaa.

Siku ya saba: Turbat

Kech inaishi kwa kahn, mfereji wa chini ya ardhi. Kisima mama huchimbwa mguuni mwa mlima hadi maji yapatikane, kisha msururu wa mashimo huteremka kuelekea mashambani, yakiunganishwa na handaki chini. Mteremko wa handaki ni mdogo mno: ukizidi, maji hula kuta na paa huporomoka, ukipungua, tope hutuama. Mashimo ni ya kutolea udongo na kupitisha hewa, na kila mwaka lazima mtu ashuke kusafisha. Maji hayauzwi kwa ujazo bali kwa muda, na kila familia ina zamu yake iliyorithiwa. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli na usiku kwa nyota. Kahn nyingi zimekufa, na sababu inajulikana: visima virefu vya pampu vimeshusha maji chini ya handaki. Mwenye pampu hunywa peke yake, na wenye zamu hubaki na shimo kavu.

Mitende inachavushwa wiki hizi. Karara la dume hukatwa linapoanza kupasuka, na vijiti vya maua yake huanikwa kivulini. Mpandaji hupanda mtende jike, hufungua karara lake, huingiza vijiti vichache vya dume katikati ya shada, na kulifunga kwa ukuti. Dume mmoja hutosha majike arobaini hadi hamsini. Karara la jike likikaa wazi siku nyingi bila chavua, tende huwa ndogo zisizo na kokwa. Mvua ikinyesha siku ileile, kazi hurudiwa. Aina inayosifiwa Turbat ni Begam Jangi; Mozati ni ya Panjgur. Mavuno ni kiangazi, msimu unaoitwa hamen, ambapo ndugu kutoka pwani huhamia Kech na arusi hufungwa. Mvua ya Julai ndiyo inayoogopwa, maana tende iliyoiva ikilowa huchacha mtini.

Magofu ya Miri, ngome inayohusishwa na Punnu wa kisa cha mapenzi cha Sassi na Punnu, yako nje kidogo ya mji. Karibu nao ni Koh-e-Murad, kilima kitakatifu cha Wazikri, watu wa madhehebu ya hapa Makran, wanaokusanyika huko usiku wa 27 wa Ramadhani. Usipande bila kuruhusiwa.

Usiku utasikia suroz, fidla ya mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, na damburag ya nyuzi tatu ikishika mwendo. Kuna muziki wa arusi, na kuna ule wa guat, pepo wanaomkalia mgonjwa, unaopigwa usiku kadhaa mpaka pepo waseme wanachotaka. Anayejua ngoma za pepo za Pemba au Lamu ataelewa bila mkalimani. Asirekodi.

Doch inunuliwe hapa, kwa mikono iliyoshona, si Karachi. Pashk, gauni la mwanamke, lina vipande vinne: kifua, viwili vya ncha za mikono, na pandol, mfuko mrefu unaoshuka mbele hadi pindoni. Kila kipande hushonwa peke yake, na seti kamili nzuri ni kazi ya miezi. Kigeuze upande wa nyuma: cha mkono kinaonyesha uzi uleule wa mbele ukipita kutoka mshono hadi mshono, cha mashine kina uzi wa pili wa chini, mara nyingi mweupe. Lowesha pamba, isugue kwenye nyekundu. Ikitoka rangi, uzi ni duni na utachafua kitambaa ukifuliwa. Bei ipangwe na mshonaji mwenyewe kupitia mwanamke wa msafara, na alipwe yeye mkononi. Mabasi ya kurudi Karachi huondoka asubuhi mapema ili yapite vizuizi mchana. Tiketi ikatwe jana yake.